Smart 450, Smart 451 au Toyota iQ: ipi inapita ukaguzi, na ipi inakuvumilia baada ya ukaguzi

Ukitafuta gari ndogo kabisa iliyotumika, ile ya kuchomeka kwenye kanafasi ambako wenye magari makubwa wanapita tu wakikatazama, mara nyingi utabakiwa na hizi tatu. Smart Fortwo ya kwanza, yani 450, ya 1998 hadi 2007. Smart ya pili, 451, ya 2007 hadi 2014. Na Toyota iQ iliyoanza kutoka 2008. Urefu wake ni mita 2.50, mita 2.69 na mita 2.985, kwahiyo hata hiyo ndefu kuliko zote bado haijafika mita 3.

Sasa muuzaji anakutolea cheti cha ukaguzi, gari imepita juzi tu, safi, we unaona basi kazi imeisha. Bado. Cheti hakidanganyi ila kinaongelea vitu vichache, na hizi gari tatu zinatofautiana sana hasa kwenye vile ambavyo cheti hakivigusi kabisa.

Cheti kinasema nini hasa

Ujerumani gari inapelekwa ikifika miaka 3 tangu iwe mpya, afu kila baada ya miaka 2. Uingereza ni miaka 3 afu kila mwaka. Japani 3 afu kila 2. Ratiba zinatofautiana ila kinachoangaliwa kinafanana: breki zinapimwa kwenye rola, taa, usukani, springi na shokapu, tairi, kutu kwenye vyuma vinavyobeba uzito, vitu vinavyovuja, moshi. Ule ukaguzi wa Uingereza, MOT, wenyewe wanasema wazi kwamba hali ya injini, klachi na gia haimo. Mkaguzi hafungui kitu, hapimi kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa), haulizi gari inakula oili kiasi gani kwa mwezi. Sio uzembe wake, kazi aliyopewa ni kujua kama gari iko salama barabarani siku ile.

Ndo maana zile takwimu mbili maarufu za Ujerumani saa nyingine zinaonekana kama zinagombana. Ripoti ya TÜV, wale wanaokagua magari, inahesabu ubovu uliokutwa kwenye ukaguzi, ADAC, chama cha wenye magari, wao wanahesabu gari zilizokwama njiani wakaitwa kusaidia. Gari inaweza kufeli kwa springi iliyovunjika na haijawahi kukulaza barabarani hata siku moja, na nyingine ikapita vizuri kabisa afu wiki inayofuata inagoma kuingia gia kwenye taa. Ukisoma namba zozote uliza kwanza zimehesabu nini. Na kumbuka gari ndogo nyingi zinatembea kilomita chache kwa mwaka, sasa gari ya miaka 10 iliyozunguka mtaani tu sio sawa na ya miaka 10 iliyopiga safari ndefu, hata kama kwenye jedwali zimekaa mstari mmoja.

Tunazipima kwa nini

Nimechukua mambo matano: injini, gia na klachi, miguu na breki pamoja na kutu, umeme na maji kuingia ndani, mwisho nafasi na upatikanaji wa vipuri. Kwa kila moja najaribu kusema ukaguzi utakamata nini na nini utakikamata mwenyewe. Matumizi ya mafuta nimeyaacha, zote tatu zinabana, hutachagua kwa hilo.

Injini

Hapa ndo pana maneno mengi, na mengi ni ya 450.

450 ya petroli ina injini ya silinda 3 yenye turbo, ilianza na cc 599 na toleo la 2003 ikaja cc 698. Imekaa nyuma, chini ya sakafu ya buti. Kila silinda ina plagi 2, jumla 6, na baadhi zimejificha vibaya kiasi kwamba fundi mvivu anabadilisha zile anazozifikia, zingine zinabaki za zamani miaka nenda miaka rudi. Oili inayoingia ni kama lita 3 tu. Afu sampo (bakuli la oili chini ya injini) za petroli nyingi hazina nati ya kumwagia oili, inabidi ivutwe kwa pampu kupitia tundu la stiki ya kupimia oili, sasa mtu akivuta haraka haraka ule uchafu wa chini unabaki pale pale unasubiri oili mpya. Ongeza joto la turbo na safari fupi fupi za mjini: ringi za pistoni zinaganda kwa masizi, gari inaanza kula oili, oili ikishuka bila mtu kuona ndo valvu za ekzosi zinaungua na kompresheni inapotea. Injini nyingi zikifika kilomita 100,000 na kitu zinakuwa zishafanyiwa ovahoo au zinaidai. Sio zote, aliyebadilisha oili mapema na kuangalia stiki kila wiki anaweza kuvuka hapo vizuri, ila we unanunua gari na tabia ya aliyekuwa nayo.

Ukaguzi hautaona hilo. Injini ikipashwa moto vizuri na oili ikajazwa asubuhi, kipimo cha moshi kinaweza kukubali kabisa. Kwahiyo mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, fungua buti uweke kiganja kwenye sakafu yake, kama pana uvuguvugu ujue ishawashwa. Vuta stiki uone oili iko wapi na ina rangi gani. Washa mwenzako akiwa nyuma anaangalia ekzosi, iache kidogo, afu kanyaga mara moja: moshi wa bluu ndo jibu lenyewe. Na kama bado unaitaka lipia kipimo cha kompresheni, silinda zote 3. Namba zikikaribiana ni dalili nzuri, moja ikiwa chini sana kuliko wenzake achana nayo, au inunue kwa hesabu ya injini mbovu.

Ya dizeli, cdi yenye cc 799, haina hayo mambo ya plagi. Malalamiko yake ni masizi kwenye EGR, ile valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, na uvivu. Uvivu kweli kweli.

451 walibadilisha kabisa, wakaweka injini ya Mitsubishi ya cc 999, bado silinda 3 na bado iko nyuma. Toleo nyingi hazina turbo na plagi ni 3 tu, moja moja kama gari ya kawaida. Haijanyongwa kama ile ya kwanza kwahiyo stori za ringi na valvu zinapungua sana. Cha kuangalia ni uvujaji wa oili na kutu kwenye sampo yenyewe, kwasababu iko chini nyuma inapigwa maji ya barabarani, na hii kwa bahati nzuri mkaguzi akiinua gari anaiona. Ukikutana na toleo linaloitwa mhd, lile la kuzima injini lenyewe ukisimama, ujue alteneta yake ndo inayowasha injini tena kupitia mkanda. Mkanda ukichoka au kikazio chake kikilegea unasikia kilio au injini inachelewa kuamka kwenye taa. Mkanda wenyewe sio balaa, balaa ni mtu kuuona kama mkanda wowote tu akaweka wa bei ya kutupa.

iQ yeye ana ile ya lita 1.0 inayoitwa 1KR-FE, silinda 3, cheni badala ya mkanda wa taiming, ndugu wa ile ya Aygo, Citroën C1 na Peugeot 107. Ipo pia ya lita 1.33, silinda 4, inafaa zaidi kwa barabara kuu. Ugonjwa unaojulikana wa hii 1.0 ni pampu ya maji. Angalia upande wa mikanda kwa tochi, kulanti (maji ya kupoza injini) ya Toyota ni ya waridi, ikivuja na kukauka inaacha ukoko mweupe mweupe wenye waridi kwa mbali kuzunguka pampu. Ukiuona, na sauti ya kusaga ukiwasha, pampu imeanza. Inabadilishwa na maisha yanaendelea, shida ni anayeendesha mpaka maji yaishe.

Gia na klachi

Smart zote mbili hazina pedeli ya klachi ila ndani klachi ipo, ya kawaida kabisa. Kinachoikanyaga ni kimota cha umeme chenye fimbo kilichofungwa kule chini. 450 ina gia 6, 451 ina 5, na zote zinabadilisha kwa kusitasita, ule mtikisiko wa kichwa kwenda mbele afu nyuma. Huo sio ubovu, ndo ilivyozaliwa, ukiachia mafuta kidogo wakati inabadilisha inatulia. Ubovu ni pale inaposhindwa kabisa. Kwenye 450 kile kidirisha cha gia kinaonyesha vistari vitatu badala ya namba, maana yake gari haijui iko gia gani, na hapo huendi popote.

Kabla mtu hajakuuzia gia nzima, tatizo linaweza kuwa dogo mno. Kile kimota kipo mahali pa matope, ncha ya fimbo inakauka, klachi nayo ikilika inahitaji kimota kisogezwe kidogo. Kukitoa, kukisafisha, kupaka grisi pale ncha inapogusa na kukirudisha kwenye mkao wake kumeponya gari nyingi zilizokuwa zimeshaandikiwa kifo. Ila kwenye 451 baada ya kugusa hivyo vitu gari inatakiwa ifundishwe upya kwa mashine, fundi asiye nayo atakurudishia gari inayoruka ruka. Kitu kingine cha 450 ni swichi ya taa za breki, kaplastiki kadogo kwenye pedeli. Ikifa, gari inaweza kukataa kuwaka au kuingia gia kwasababu inadhani hujakanyaga breki, na kwenye ukaguzi unafeli kwasababu taa za nyuma haziwaki. Kitu kimoja, majina mawili ya ubovu.

iQ inakuja na manyuo au CVT, yani otomatiki isiyo na hatua za gia. Ya manyuo klachi yake haidumu sana, gari iliyoishi kwenye foleni inaweza kuwa imeshaila mapema, jaribu kilima: pedeli ikishika juu kabisa, au injini ikipiga kelele bila gari kuvuta, panga hela. CVT sikiliza mtetemo wakati inaanza kuondoka na uliza oili yake ilibadilishwa lini. Jibu la "hii haibadilishwi" ndo jibu baya kuliko yote.

Ukaguzi kwa hiki kipengele hausaidii kwa gari yoyote kati ya hizi. Jaribu mwenyewe, baridi na ikiwa imepata moto, mbele na rivasi.

Miguu, breki, kutu

Hapa mkaguzi ndo mwenye nguvu, kwahiyo hapa historia ya vyeti ina thamani kweli. Uingereza unaweza kusoma historia ya MOT ya gari mtandaoni bure kwa namba yake ya usajili, ilifeli nini, kilomita ngapi, na yale maangalizo ya "imepita ila fuatilia". Hayo maangalizo yasome kuliko matokeo. Ukiona kutu ya ekseli imeandikwa mwaka huu, mwaka jana na mwaka juzi, na hakuna aliyegusa, umeshamjua mwenye gari.

Smart zote mbili zinajulikana kwa springi kukatika, na zinakatikia chini kabisa, ule mzunguko wa mwisho unaokaa kwenye kikombe ambapo mchanga na maji vinajikusanya. Gari inaweza ikaendelea kutembea tu, labda unasikia kaclick ukikata kona. Lala chini na tochi uifuate springi mpaka mwisho wake: ncha ya kiwandani imekatwa sawa, iliyovunjika ina meno na kutu mpya ya machungwa. Baada ya hapo ni boljointi, bushi, na kutu ya ekseli ya nyuma. Usipumbazwe na bodi, paneli za nje ni plastiki, zitang'aa tu hata chini kukiwa kumeliwa.

Tairi nazo: Smart ya mbele ni nyembamba kuliko ya nyuma (451 kwa kawaida ni 155/60 R15 mbele na 175/55 R15 nyuma), huwezi kuzihamisha mbele nyuma zilike sawa. iQ ni saizi moja miguu yote, unazungusha unavyotaka.

iQ kwa miguu haina sifa mbaya ya kipekee. Angalia ekzosi kwa kutu, lingi za stebilaiza, na breki kama gari ilikuwa inakaa muda mrefu bila kutembea, diski zinaota kutu na kwenye rola upande mmoja unashika kuliko mwingine. Hilo la kukaa linazigusa zote tatu, na kwa Smart ni breki za dramu za nyuma na hendibreki.

Umeme na maji

450 ina kisanduku cha fyuzi na kompyuta ya bodi, wanakiita SAM, chini ya dashibodi. Maji yakipenya pembeni ya kioo cha mbele yanakidondokea. Matokeo yake ni vituko: waipa zinajiwasha, indiketa upande mmoja imekufa, honi inalia ikitaka. Bonyeza kapeti ya miguuni kwa ngumi, pande zote, na unuse. Unyevu kwenye 451 nao upo, angalia vile vile. iQ kwa hili imetulia.

Nafasi na vipuri

Smart ni watu wawili, basi, na buti yake inameza mizigo kuliko unavyodhani. iQ inasemwa ni viti vinne ila cha nyuma ya dereva ni cha mkoba au mtoto, na viti vyote vikiwa vimesimama buti ni lita 32, yani mfuko mmoja. Ukivilaza inakuwa gari ya kueleweka. Ilipata nyota 5 za Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa gari kwa kuzigongesha, 2009 na ina eabegi mpaka ya kioo cha nyuma, kama hilo lina uzito kwako.

Vipuri vya injini ya iQ ya 1.0 vipo kwasababu injini iko kwenye gari nyingi, ila taa, vioo na paneli za bodi ni zake peke yake. Smart kinyume chake, paneli unaweza kubadilisha mwenyewe kwa spana chache, mtihani ni kumpata fundi anayezijua. Fundi mzuri wa kila kitu asiyewahi kuona Smart atajifunzia kwako.

Kwahiyo nani achukue ipi

450 inamfaa anayependa kushika spana mwenyewe, anayeangalia oili bila kukumbushwa, na anayenunua akijua injini ni kitu cha kufanyiwa kazi siku moja. Ikiwa na karatasi za ovahoo iliyofanywa na mtu anayejulikana, kilomita nyingi zisikutishe. Hiyo naiona bora kuliko yenye kilomita chache isiyoguswa. Chukua ya kuanzia 2003, ESP, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ilikuwa imeshawekwa.

451 inamfaa anayetaka ule ufupi wa Smart bila kulala na mawazo ya injini, na ambaye ana fundi mwenye mashine ya kuisoma. Kama uko mbali na fundi wa aina hiyo, uzuri wake unapungua nusu.

iQ inamfaa ambaye gari ni ya kazini kila siku, hataki stori. Utatoa hela zaidi kuinunua mara nyingi, na utapata gari ambayo ni ndefu kidogo, ule mtindo wa kuichomeka ikikabili ukingo wa barabara kama Smart unausahau.

Una cheti cha juzi mkononi lakini hakuna risiti hata moja ya oili: kwa iQ endelea na mazungumzo, kwa 451 endelea ukiwa umeingia chini na tochi, kwa 450 kapime kompresheni kwanza.

Gari imefeli ukaguzi na muuzaji anaitoa kwa bei ya chini: soma imefeli nini. Springi, boljointi, taa, tairi, hivyo ni vitu vya kununua na kufunga, na kwa Smart inaweza kuwa bahati yako kama injini ni nzima. Kutu ya vyuma vinavyobeba uzito, ipite.

Unatembea kilomita tatu nne tu kwa siku: 450 ya petroli itaumia zaidi na hiyo tabia, badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema au chukua nyingine. Unapanda barabara kuu kila wiki: iQ ya 1.33 au 451 yenye turbo.

Na kama mko watatu nyumbani, Smart zote mbili zimeshajitoa zenyewe.